Kopo la kolajeni la shilingi 140,000: chai imefaidi, mifupa bado

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za chai. Unga huu unayeyuka kwenye chai ya moto bila kuacha bonge, hauui ladha ya tangawizi, na hata ukiisahau chai ikapoa haifanyi utando. Kwenye uji uliopoa unashikana kidogo pembeni mwa kikombe, jambo dogo. Ukifungua kifuniko kuna harufu ya ngozi iliyochemshwa ikafichwa na vanila, lakini ukishaukoroga humsikii ng'ombe tena. Nyota tatu zilizobaki nimezizuia kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu ubavuni mwa kopo, kwamba unga huu hurudisha kolajeni, ile protini ya nyuzinyuzi ya mifupa na ngozi, iliyopotea ndani ya mifupa.

Aliyenunua ni wifi yangu, baada ya kuteleza bafuni hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala, na kuvunjika kifundo cha mkono. Duka liko Kampala, mtaa usio mbali na stendi ya zamani ya teksi, na jina lake silitaji. Ni safi, lina kiyoyozi, na kijana aliyemhudumia ana adabu kuliko wengi wa mjini: alimpa kiti, alimpa maji, alimwita Hajati bila kuambiwa. "Hajati, hii ukitumia miezi mitatu tu, mifupa yako inakuwa kama ya msichana." Wifi ameshapita sitini. Neno msichana lilimwingia.

Kopo ni la gramu 300, kipimo ni gramu 10 kwa siku, kwa hiyo linaisha mwezi mmoja. Bei ni shilingi 140,000. Miezi mitatu ya usichana ni shilingi 420,000, na hapo hujalipa teksi. Viambato ni vichache, na hilo nalipenda: kolajeni ya ngozi ya ng'ombe iliyovunjwavunjwa, vitamini C, ladha ya vanila. Nilitafuta alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, sikuiona. Nilitafuta nembo ya halali, nayo sikuiona. Imeandikwa ng'ombe, sawa, lakini kolajeni na jelatini nyingi za viwandani hutoka pia kwa nguruwe, na kwetu hapa Bombo hilo si jambo la kupita juu juu. Kijana alipopigiwa simu alisema "ni ng'ombe, Mama, andika tu ng'ombe." Sasa niandike wapi?

Mimi nilifanya kazi maabara ya hospitali, upande wa kukata tishu, mpaka nilipostaafu, ndiyo maana wifi aliniletea kopo na kikaratasi chake akitaka nimwambie kama ameibiwa. Nilimwambia hajaibiwa, ameuziwa kitu kingine. Kikaratasi kimechora mfupa wenye matundu, na mishale ya dhahabu inaingia kutoka kikombeni kwenda kuyaziba. Mchoro mzuri. Ila hausemi matundu yalitoka wapi, na ukishajua yalitoka wapi mishale inakosa kazi.

Nianzie maabara. Mfupa ukiletwa haukatwi kama ulivyo, wembe wa mashine utaharibika. Kwanza unalowekwa kwenye tindikali mpaka madini ya kalsiamu yatoke yote. Ukiutoa una umbo lilelile, kila kishimo na kila ukingo upo, lakini unaukunja kwa vidole viwili na ukiuachia unajirudi. Ulichoshika hapo karibu chote ni kolajeni. Ukiondoa madini na maji, asilimia 90 hivi ya kinachobaki kwenye mfupa ni kolajeni ya aina ya kwanza. Mtu anaweza kuliona jambo hili jikoni kwake: mfupa mwembamba wa mguu wa kuku, uoshwe vizuri, uzamishwe kwenye siki, siki ibadilishwe, usubiriwe siku kadhaa. Wajukuu zangu waliukunja huku wakipiga kelele. Madini ndiyo yanayoupa mfupa ugumu. Kolajeni inaupa kunyumbulika, ili usikatike kama kigae.

Na kolajeni hiyo haipotei kama jasho. Inakatwa, na mkataji anajulikana kwa jina: osteoklasti. Kwenye slaidi ya hadubini iliyopakwa rangi huhangaiki kuitafuta. Ni seli kubwa kupita jirani zake, ya waridi, yenye viini vingi, vitano, kumi, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa imetokana na seli kadhaa za damu zilizoungana zikawa moja. Ukoo wake ni uleule wa seli nyeupe zinazomeza vijidudu. Inakaa ndani ya kishimo ilichokichimba yenyewe, upande mmoja umeelekea mfupa na una mikunjomikunjo, upande wa pili umetulia kana kwamba hakuna kinachoendelea. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa napoteza muda kuzitazama tu, mpaka mkubwa wangu anagonga meza.

Kazi yake inakwenda hivi. Inajibandika kwenye mfupa na kuzungusha ukingo usiovuja, ikabaki nafasi nyembamba chini yake. Ndani ya nafasi hiyo inasukuma tindikali mpaka pH, kipimo ambacho kikishuka tindikali imezidi, inafika karibu 4.5, na madini yanayeyuka. Ni kilekile tulichokuwa tukifanya maabara kwa chupa na subira. Lakini mfupa wa kuku wa kwenye siki umekwisha kuonyesha kwamba tindikali peke yake haiigusi kolajeni. Madini yametoka, kolajeni ipo palepale. Hapo ndipo kimeng'enya, mkasi wa mwili wa kukatia protini, kinapohitajika, na si kila kimeng'enya kinaweza.

Kolajeni ni nyuzi tatu za protini zilizosokotana kama msuko wa nywele uliokazwa na msusi asiye na huruma. Vimeng'enya vingi vya mwili havipati pa kuingiza meno msuko ukiwa mzima. Kuna kundi la kolajenasi, linalofanya kazi mahali pasipo na tindikali kali: zinalegeza msuko na kuukata mahali pamoja, robo tatu ya urefu kutoka ncha moja, kisha vipande vinafumuka na vimeng'enya vingine vinamalizia. Osteoklasti ina silaha yake nyingine, kathepsini K. Hiki kinapenda tindikali ileile iliyokwisha mwagwa, na hakiridhiki na mahali pamoja. Kinakata nchani, kinakata katikati, kinakata tena na tena mpaka vinabaki vipande vifupi. Ili kiweze kufanya hivyo kinashikana na molekuli ndefu za sukari zilizomo humohumo mfupani, ikiwemo kondroitini salfeti. Wasomaji wa makopo mtalitambua jina hilo, linauzwa kwenye rafu ya chini ya duka lilelile kama dawa ya magoti. Sisemi ukiimeza inakuongezea wakataji. Nilicheka tu nilipoiona.

Vipande vinamezwa na osteoklasti, vinapitishwa katikati yake ndani ya vifuko huku vikizidi kukatwa, vinatolewa upande ule wa pili na kuingia kwenye damu. Humo maabara inaweza kuvikamata. Kipimo kinaitwa CTX, na damu yake hutolewa asubuhi kabla mtu hajala, kwa sababu chakula hushusha matokeo na saa za mchana huyabadilisha. Ndicho kipimo ambacho ningetaka muuzaji yeyote wa kolajeni anionyeshe kabla na baada. Kijana wa duka hakuwahi kukisikia, na simlaumu, si kazi yake. Aliyeandika kikaratasi ndiye namlaumu.

Nisije nikaeleweka vibaya, osteoklasti si mgonjwa wala mwizi. Ikishachimba kwa wiki chache inakufa, seli zinazofunika mfupa zinasafisha nyuzi za kolajeni zilizobaki kishimoni, kisha osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, zinaingia na kujaza, kazi ya miezi kadhaa. Karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya hivyo kila mwaka. Wapo watu wachache sana waliozaliwa na kathepsini K isiyofanya kazi. Ugonjwa wao unaitwa piknodisostosisi na chanzo chake kwenye jeni kilitambuliwa mwaka 1996. Mifupa yao haikatwi kolajeni ipasavyo, inakuwa mizito kwenye picha ya eksirei, na bado inavunjika ovyo. Wenyewe wanabaki wafupi. Mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec anadhaniwa alikuwa nao. Kampuni ya Merck nayo ilitengeneza kidonge cha kukizuia kimeng'enya hiki, odanacatib, ikakijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000. Mivunjiko ilipungua kweli. Lakini viharusi viliongezeka, na mwaka 2016 wakaiacha dawa. Basi hata ukimjua mkataji kwa jina na makazi, kumfunga mikono si mchezo.

Tatizo la wifi ni hesabu. Kwake machimbo ni mengi kuliko majazo. Hedhi ilipokoma homoni ya estrojeni ilishuka, na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizuia ujumbe unaoitwa RANKL, ambao seli za mfupa hutuma kuziita osteoklasti zizaliwe na zidumu. Juu ya hilo, kwa miaka amekuwa akijinunulia vidonge vya prednisoloni kila pumu inapombana, bila kurudi kwa daktari, kama wanavyofanya wengi hapa. Prednisoloni inazipunguza nguvu osteoblasti na kuzirefushia maisha osteoklasti, pande zote mbili hasara. Kopo halina neno hata moja juu ya hayo.

Sasa tuufuate unga wenyewe kutoka kikombeni. Kolajeni ya kopo imekwisha kuchemshwa na kukatwakatwa kiwandani, msuko wake haupo tena, na ndiyo maana inayeyuka vizuri hivyo kwenye chai. Tumboni na kwenye utumbo vimeng'enya vinaikata zaidi. Sehemu kubwa inafika kwenye damu ikiwa asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, kama ingekuwa imetoka kwenye maharage au yai, na sehemu ndogo kama vipande vya asidi amino mbili au tatu. Osteoblasti haipokei kolajeni iliyotengenezwa tayari. Inasokota yake hapohapo kutoka asidi amino mojamoja, na inahitaji vitamini C ili uzi ukaze. Kwa hiyo ule mshale wa dhahabu unaotoka kikombeni kwenda tunduni haupo. Na kama protini, kolajeni ina upungufu: haina kabisa triptofani, asidi amino mojawapo ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Yai la jirani linaishinda kwa hilo, tena kwa bei ya kuokota.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Liko jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lilianza na wanawake 131 waliokoma hedhi, wengine wakanywa gramu 5 za kolajeni ya aina hii kila siku kwa mwaka mzima na wengine unga wa bandia. Waliokunywa kolajeni uzito, yaani wingi wa madini, wa mifupa yao ya mgongo na shingo ya paja ulipanda kidogo kuliko wenzao. Huenda vile vipande vidogo vinazungumza na seli za mfupa kwa namna fulani, si jambo la kudharau. Lakini lilikuwa jaribio dogo, na lilipima uzito wa mfupa, halikuhesabu nani alianguka akavunjika na nani hakuvunjika. Kutoka hapo mpaka "mifupa ya msichana kwa miezi mitatu" ni safari ndefu, na aliyeandika kopo ameiruka yote.

Nililinganisha na molokony, kwa sababu kila nikitaja kolajeni hapa mtu ananiambia kunywa supu ya kwato. Yuko mama mmoja Kisenyi, ana kibanda cha mabati na sufuria moja kubwa inayokesha motoni, kwato zinapikwa mpaka kano zinateleza zenyewe kwenye mfupa. Bakuli shilingi 8,000, na muhogo pembeni, na limau, na pilipili ambayo nakushauri uiombe kidogo. Nilibeba supu nyingine kwenye chombo nikaiacha kwenye friji usiku. Asubuhi iliganda, ukigeuza chombo haimwagiki. Hiyo ni kolajeni iliyofumuliwa na moto ikawa jelatini, nyuzi zake bado ndefu kiasi cha kushikana. Nilifanya vilevile na unga wa kopo, kipimo kilekile walichoelekeza, na asubuhi ulikuwa maji. Tofauti yao ni urefu wa vipande, basi. Utumboni zote mbili zinaishia palepale. Supu ya yule mama naipa nyota nne, imepungukiwa moja kwa sababu ya benchi lenye mguu mmoja uliolegea, na kwa umri wetu kuanguka mbele ya kwato za ng'ombe ni fedheha. Hajaandika popote kwamba anaponya mifupa. Ukimuuliza anasema inaondoa uchovu wa jana.

Kama shida yako ni kalsiamu, mukene, yaani dagaa, wa kukaanga unaoliwa na miiba yake unakupa zaidi kuliko kopo hili, ambalo kalsiamu halina kabisa. Vitamini C iliyomo koponi utaipata kwenye mapera yanayooza chini ya miti huku kwetu.

Lililoniudhi kuliko bei ni hili. Ndani ya kavera, mfuko uleule wa plastiki wa dukani, chini ya kopo, kulikuwa na pakiti ya alendronati ambayo daktari alimwandikia wifi baada ya mkono kuvunjika, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Haikuwa imefunguliwa. Aliambiwa akimeza asilale nusu saa, naye ana mazoea ya kurudi kitandani baada ya alfajiri, basi akaona unga wa chai ni mwepesi zaidi. Na dawa hiyo ndiyo inayomfuata mkataji shimoni kwake. Inajishika kwenye madini ya mfupa na kukaa humo kimya. Osteoklasti ikija na tindikali yake inayayeyusha madini, dawa inaachiliwa, seli inaimeza pamoja na mengine, na kuanzia hapo haina nguvu ya kuchimba. Duka halikumwambia aache dawa, niwe mkweli. Ila kikaratasi kina mstari unaosema unga ni "mbadala wa asili usio na kemikali," na mama wa Bombo akisoma hivyo afanye nini?

Sasa anameza kidonge siku ya Jumamosi akishaswali, tumbo likiwa tupu, na glasi nzima ya maji ya kawaida, si chai, si maziwa, halafu anafagia uwanja mpaka nusu saa ipite. Kopo anamalizia, pesa imeshatoka na chai anaipenda. Prednisoloni nimemrudisha kwa daktari wa pumu ambadilishie utaratibu. Wenye shida ya koo la chakula au figo wasikimbilie alendronati kwa kunisoma mimi, wamwone daktari kwanza.

Nani anunue, basi? Mtu asiyekula nyama wala samaki kwa kukosa hamu, mwenye pesa ya ziada, anayetaka protini kidogo ndani ya chai, na asiyejali nembo. Mwingine yeyote apite. Na ukiagiza ukaletewa na boda, fungua mbele yake kabla hujalipa: kopo la wifi lilikuja bila kijiko cha kupimia, na dukani walisema kijiko kinauzwa peke yake, shilingi 5,000.